"3/12" si tarehe 3 Desemba: kuisoma karatasi ya ruhusa kutoka hospitali

SWALI

Shikamooni wahusika wa safu hii.

Mama yangu ana miaka 58. Alilazwa kwa maumivu ya tumbo na kutapika, na tangu majuzi yuko nyumbani. Siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi na mfuko wa dawa. Daktari alikuwa na foleni ndefu, akatueleza harakaharaka, na nusu ya maneno hatukuyashika. Nimenakili kila kitu kama kilivyoandikwa:

"58F, K/C of HTN 8/12, DM2. C/O epigastric pain 3/7, vomiting. O/E: BP 158/94, chest NAD. ECG: NSR. USS: cholelithiasis, no cholecystitis, fatty liver gr 1. Hb 10.8, FBG 8.4, eGFR 52, H. pylori neg. Dx: cholelithiasis, ?CKD 3a, R/O PUD. Rx: omeprazole 20 mg BD ac 2/52, amlodipine 10 mg OD, metformin 500 mg BD pc, PCM 1 g TDS PRN 5/7. Plan: elective lap chole. F/U surgical clinic 2/52. Rpt creat 3/12."

Hapa nyumbani kila mtu ana tafsiri yake. Shangazi kaona "chole", kasema ni kipindupindu na vyombo vya mama vitengwe. Mdogo wangu kaingia mtandaoni, katoka na habari kwamba figo zimefika hatua ya tatu, tuanze kuchangishana hela za kusafisha damu. Mimi nilipoona "neg" nilidhani ni jibu baya. Jirani aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo anasema PUD ndiyo hiyohiyo, ametuletea dawa zake zilizobaki pamoja na diklofenaki za kutuliza maumivu. Kurudi hospitali tumepanga tarehe 3 Desemba kama ilivyoandikwa. Upasuaji mama haoni haja nao, maana kamusi inasema "elective" ni jambo la hiari.

Na mama mwenyewe anasema moyo ndio unaomuuma, anashika katikati, chini kidogo ya kifua. Mbona karatasi haisemi ana ugonjwa wa moyo?

Naomba mnifafanulie, na mniambie kama kuna njia ya kuyajua maneno haya bila kusomea udaktari.

Binti wa Kihonda, Morogoro

JIBU

Marahaba, binti. Pole kwa kuuguza.

Yapo mambo matatu ya kufanya leo, kabla ya herufi. Diklofenaki za jirani zirudisheni. Mtu mwenye presha na kisukari, ambaye kipimo cha figo kimetoka chini ya kawaida, hapewi diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari kuamua, kwa sababu dawa za kundi hilo hupunguza damu inayofika kwenye figo, hupandisha presha, na huweza kuchubua ukuta wa tumbo la chakula. Pili, futeni 3 Desemba kwenye kalenda. Miadi ya mama ni wiki mbili tangu siku aliyoruhusiwa. Kama zimeshapita, mpelekeni siku ya kliniki inayofuata, msingoje. Tatu, vyombo vyake virudi kabatini pamoja na vya wengine. Hana kipindupindu.

Sasa karatasi yenyewe. Wengi wakishika karatasi ya hospitali macho hukimbilia jina refu la ugonjwa. Jina refu lina fujo tu. Hata usipolielewa, mgonjwa atameza dawa zake na atapona au ataendelea kutibiwa. Kinachoponza ni alama ndogo, kwa sababu hizo ndizo zinazosema lini, mara ngapi, na kama ugonjwa umethibitishwa au bado.

Tuanze na zile sehemu. Namba ya chini inataja kipimo cha muda: 7 ni siku, kwa kuwa wiki ina siku 7, 52 ni wiki, kwa kuwa mwaka una wiki 52, 12 ni miezi. Namba ya juu ni idadi. Kwa hiyo "8/12" iliyo karibu na HTN inasema presha ya mama ilijulikana miezi 8 iliyopita. Maumivu yalikuwa na siku 3 alipofika. Omeprazoli ni ya wiki 2, dawa ya maumivu ni ya siku zisizozidi 5, na kipimo cha kreatinini, yaani cha damu cha kuangalia figo, kinarudiwa baada ya miezi 3. Mtego uko kwenye "5/7" na "3/12", ambazo zinaweza kusomeka kama tarehe kabisa. Dawa yake: tafuta 52 popote kwenye karatasi. Hakuna tarehe yenye mwezi wa 52, hivyo ukiiona ujue mwandishi anatumia mtindo huu, na sehemu nyingine zote zisome hivyohivyo. Ukiwa na shaka bado, muulize nesi wa dirisha la miadi akuandikie siku na mwezi kwa maneno.

Alama ya kuuliza iliyo mbele ya "CKD 3a" ni ya kweli, haikuponyoka kalamu. Daktari anasema "nashuku". Na "R/O" mbele ya PUD inasema jambo linalokaribia kuwa kinyume cha alivyosema jirani: vidonda vya tumbo vinafikiriwa, na kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba havipo. Kitu chenye R/O si ugonjwa uliopatikana. Mara nyingi hakikisho hilo huja kwa kuingiza kamera kupitia mdomoni hadi kwenye tumbo la chakula. Watu wengi wamejikuta na historia ya ugonjwa ambao hawajawahi kuugua kwa sababu ndugu walisoma neno, wakaruka herufi mbili zilizotangulia.

Dawa za vidonda zilizobaki kwa jirani pia zisitumike. Yaelekea ndani yake mna antibayotiki za kuua bakteria wa H. pylori, na mama kipimo chake ni "neg", yaani hasi: bakteria hao hawakuonekana. Hospitalini hasi mara nyingi ndilo jibu unaloliombea, na chanya maana yake ni kwamba kinachotafutwa kimepatikana. Ila kuna jambo moja la kumwambia daktari. Kama mama alikuwa akitumia omeprazoli ndani ya wiki 2 kabla ya kipimo, au antibayotiki yoyote ndani ya wiki 4, basi kipimo cha choo cha H. pylori huweza kutoka hasi ilhali bakteria wapo. Kama ndivyo ilivyokuwa, aseme mapema. Na kuna hatari nyingine: omeprazoli tayari imo kwenye mfuko wa mama, na huenda imo pia kwenye za jirani. Angemeza dozi mbili bila kujua.

"Elective" imewapotosha kwa sababu kamusi ya kawaida haijui lugha ya chumba cha upasuaji. Pale, upasuaji ni wa aina mbili: wa dharura, unaofanywa usiku huohuo, na wa kupangwa, unaowekewa tarehe. Hilo neno ni la aina ya pili. Halisemi kama upasuaji unahitajika au hauhitajiki. Linasema tu kwamba kuna muda wa kujiandaa, kushusha sukari, kutuliza presha, kuongeza damu kidogo. Mama ana haki ya kukataa upasuaji wowote, lakini akatae akiwa ameelewa anachokikataa.

Herufi zilizobaki zina mpangilio ambao ukiujua unasaidia kuliko kukariri. K/C ni ugonjwa ambao mgonjwa alijulikana nao kabla hajafika. C/O ni malalamiko, maneno ya mgonjwa mwenyewe. O/E ni alichokikuta daktari kwa macho, mikono na vifaa vyake. Halafu vipimo, halafu Dx, uamuzi wa daktari kuhusu ugonjwa, halafu Rx, dawa. F/U ni ufuatiliaji. Hivyo maumivu yaliyo chini ya C/O ni kauli ya mama, si kitu kilichothibitishwa. NAD iliyoandikwa baada ya "chest", yaani kifua, inasema hakuna kasoro iliyoonekana. NSR kwenye kipimo cha umeme wa moyo inasema mapigo yanakwenda kwa mpangilio wake wa kawaida. HTN ni presha ya kupanda, DM2 ni kisukari cha aina ya pili, USS ni ultrasaundi, PUD ni vidonda vya tumbo, CKD ni ugonjwa sugu wa figo, na F iliyofuata umri ni jinsia: mwanamke.

Kwenye dawa, hesabu ni fupi. OD ni mara 1 kwa siku, BD mara 2, TDS mara 3, QID mara 4. Mara 2 maana yake ni kila saa 12, na mara 3 ni kila saa 8; si asubuhi na mchana kisha basi. "ac" ni kabla ya kula na "pc" ni baada ya kula, na kwa mama zote mbili zina sababu: omeprazoli hufanya kazi vizuri ikimezwa kama nusu saa kabla ya chakula, na metformini baada ya chakula hupunguza kichefuchefu na kuharisha. "Nocte" ni usiku, "stat" ni sasa hivi na mara moja tu. PO ni kwa mdomo, IV ni kwenye mshipa wa damu, IM ni kwenye msuli, SC ni chini ya ngozi.

PRN inastahili mstari wake. Ni dawa ya kutumia pale tu inapohitajika. PCM ni parasetamoli, na gramu 1 ni vidonge 2 vya miligramu 500. Siku ambayo mama haumwi, asimeze. Siku anayoumwa, asizidi mara 3 alizoandikiwa. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa saa 24, na mkumbuke kwamba dawa nyingi za mafua zinazouzwa madukani zina parasetamoli ndani yake, hivyo mtu hujizidishia bila habari. Kwenye pakiti, mfamasia ataandika kwa mtindo mwingine, "2×3": namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara kwa siku. Ukigeuza, mgonjwa anameza vidonge 3 mara 2, jumla ileile ya siku lakini kila dozi imezidi.

Angalizo dogo kuhusu OD. Mwenye kisukari anapaswa kupimwa macho kila mwaka, na kwenye karatasi ya kliniki ya macho OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Herufi zilezile, kazi tofauti kabisa.

Tuje kwenye majina marefu uliyoyaogopa. Karibu yote yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na yanakatika kama muwa, pingili kwa pingili. "Chole" ni nyongo. "Lith" ni jiwe. "Iasis" ni hali ya kuwa na kitu hicho. Unganisha: mama ana mawe kwenye nyongo. "Cyst" ni kifuko, na "itis" ni uvimbe wenye joto na maumivu, hivyo "cholecystitis" ni kifuko cha nyongo kilichovimba na kuuma, na kabla yake kuna neno la kukanusha. Yaani mawe yapo, kifuko hakijawaka moto. Hiyo ni habari njema na ndiyo iliyomwezesha kurudi nyumbani. "Lap chole" ni ufupisho wa upasuaji wa kuondoa kifuko hicho kwa kamera, kwa kawaida kupitia matundu madogo manne hivi tumboni. Mtu huishi vizuri bila kifuko cha nyongo. Nyongo inatengenezwa na ini, kifuko kinaihifadhi tu; kikiondolewa, nyongo hutiririka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba.

Miishio ndiyo ya kuijua kwanza, maana ni michache na inajirudia. "Itis" tumeiona, usidhani lazima iwe vijidudu, kwani maungo huweza kuvimba bila maambukizi yoyote. "Ectomy" ni kuondoa, "otomy" ni kupasua tu, "ostomy" ni kufungua tundu la kudumu au la muda, kama njia ya choo iliyotolewa ubavuni. Herufi moja au mbili zinatofautisha kupasuliwa na kuondolewa kiungo, kwa hiyo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa soma mwisho wa neno kwa kidole. "Scopy" ni kuchungulia kwa kamera. "Megaly" ni kukua kupita kiasi. "Algia" ni maumivu. "Aemia" ni jambo lililo kwenye damu, "uria" ni lililo kwenye mkojo. "Oma" mara nyingi ni uvimbe, lakini si lazima saratani: "haematoma" ni damu iliyovilia tu.

Upande wa mbele, "nephr" na "ren" zote ni figo, moja ya Kigiriki na nyingine ya Kilatini. "Hepat" ni ini, "cardi" moyo, "gastr" tumbo la chakula, "enter" utumbo, "pulmon" na "pneum" mapafu, "hyster" mji wa mimba, "arthr" kiungo, "oste" mfupa, "my" msuli, "neur" neva, "encephal" ubongo, "splen" bandama. Ukiwa na miishio ile na mizizi hii, "splenomegaly" haikutishi tena: bandama imekua, jambo linaloonekana sana kwenye malaria ya mara kwa mara.

Jozi moja ni ya kukaza macho: "hyper" ni kuzidi, "hypo" ni kupungua. Kwa mwenye kisukari, sukari kuzidi na sukari kushuka ni hali mbili zenye matibabu yanayopingana. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini akiongezewa dawa nyingine au akila kidogo mnatakiwa kuijua dalili: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 3.9, na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pimeni tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, anakimbizwa hospitali.

Kuna maneno mawili ambayo hata waliosoma huyachanganya. "Acute" ni ugonjwa ulioanza ghafla, "chronic" ni uliodumu. Hayapimi ukali. Kiswahili kimetupa "sugu" kwa la pili, na hapo ndipo familia nyingi huzimia, kwa sababu kifua kikuu sugu ni kile kilichoshinda dawa. Figo zenye ugonjwa sugu hazijashinda dawa. Hali imedumu tu kwa miezi mitatu au zaidi. Ndiyo sababu daktari wa mama ameweka alama ya kuuliza na kuagiza kipimo kirudiwe baada ya miezi 3: kipimo kimoja, tena cha mtu aliyekuwa akitapika na kupungukiwa maji, hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa huo.

Mdogo wako alichokosea ni kiwango. Ugonjwa wa figo una hatua 5, na namba ya eGFR, kadirio la kasi ya figo kuchuja damu, ndiyo inayozipanga. Hatua ya 3a ni 45 hadi 59, ya 3b ni 30 hadi 44, ya 4 ni 15 hadi 29, ya 5 ni chini ya 15. Mazungumzo ya kusafisha damu kwa kawaida hufika hatua ya mwisho. Mama ana 52. Wala hatua hizi hazina uhusiano na hatua za saratani. Michango isubiri, pesa hizo zinunue dawa za presha na sukari bila kukatiza, kwa kuwa presha na sukari zenyewe ndizo zinazokula figo polepole.

Namba nyingine kwa haraka. Presha 158/94 iko juu ya 140/90, mpaka wa kawaida wa kuiita imepanda, ingawa maumivu yenyewe huweza kuipandisha. Pimeni nyumbani au zahanati akiwa ametulia dakika 5, mkiandika tarehe. FBG ni sukari ya kufunga, 8.4, na kuanzia 7.0 huhesabiwa kisukari. Mkikutana na mashine inayoonyesha mamia, kama 151, msishtuke: ni kipimo kingine, gawanya kwa 18. Hb ni wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu, na 10.8 ni ya kuulizia sababu, si ya kunyamazia kwa juisi ya rozela. Mafuta kwenye ini daraja la 1 ni kiwango cha chini kabisa, na hupungua uzito ukipungua.

Kuhusu "moyo" wa mama. Pale anaposhika, chini ya ncha ya kidari na juu ya kitovu, ni chembe cha moyo, na daktari amepaandika "epigastric". Jina lina moyo lakini chini yake kuna tumbo la chakula, sehemu ya ini na kongosho, na maumivu ya mawe ya nyongo hujitokeza hapohapo au chini ya mbavu za kulia, yakipanda hadi bega la kulia, hasa baada ya chakula chenye mafuta. Hata hivyo shambulio la moyo nalo huweza kuuma hapo, na kwa wanawake wenye kisukari huja kwa sura ya kiungulia au kichefuchefu. Ndiyo maana alipimwa umeme wa moyo. Madaktari walimsikia vizuri. Lakini kipimo kilichotoka kawaida siku ile hakizungumzii maumivu mapya: yakirudi yakiwa na kubanwa kifua, jasho jembamba au pumzi fupi, arudishwe hospitali wakati huohuo.

Lugha yetu ya kila siku ina maneno mapana ambayo mgonjwa na daktari huyaelewa tofauti. "Tumbo" ni chakula kinapoingia, ni sehemu yote kati ya mbavu na kinena, na kwa mwanamke mara nyingi ni mji wa mimba. "Mshipa" ni wa damu, ni neva, ni kano, na kwa wanaume ni ngiri. Wengi hushika kiuno wakasema figo, ilhali figo zimekaa juu zaidi, mgongoni, zikijificha kwa sehemu chini ya mbavu za mwisho. Na UTI ni herufi tatu za maambukizi ya njia ya mkojo. Haina undugu wowote na uti wa mgongo, ingawa wapo wanaomeza antibayotiki za mkojo wakingoja mgongo uache kuuma. Suluhisho ni kuonyesha kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima, kisha kusema: yalianza lini, yanahamia wapi, yanaletwa na nini, yanadumu muda gani, mkojo na choo vina rangi gani. Mwanzo wa kidole tumbo, kwa mfano, huwa kitovuni kisha maumivu huhamia chini kulia, na huko kuhama ndiko kunakomfungua macho daktari. Na mkiletewa picha ya eksirei, kushoto na kulia ni kwa mgonjwa: herufi L iko upande wake wa kushoto, ambao kwako wewe uliyeishika picha uko kulia.

Wakati mnasubiri kliniki, mama apunguze vyakula vya kukaangwa na nazi nzito, ale kidogo kidogo. Msingoje miadi kama atapata homa au kutetemeka kwa baridi, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa wa rangi ya chai na choo kikapauka, maumivu yasiyoachia kwa saa 5 au 6, kutapika kusikokoma, au maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni. Jiwe linapotoka kwenye kifuko na kuziba njia ya nyongo huleta dalili hizo, na likiziba karibu na kongosho hali hugeuka mbaya kwa saa chache.

Siku ya kliniki bebeni karatasi hii, dawa zote kwenye pakiti zake pamoja na za miti shamba kama anatumia, na daftari la presha. Waulizeni mambo haya na kuyaandika palepale: sukari na presha zishuke hadi ngapi ndipo apasuliwe, upungufu wa damu umetokana na nini, metformini isimamishwe lini kabla ya usingizi wa upasuaji, na kamera ikishindikana siku hiyo je, watafungua tumbo? Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kama ya mama imevimba, mwambieni daktari badala ya kumwachisha dawa wenyewe. Na kile kipimo cha kreatinini cha miezi 3 kiombeeni fomu siku hiyohiyo, kwa sababu kliniki ya upasuaji huenda isikikumbuke.